Mikono Inaganda Ukikimbia Majira ya Baridi? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Glavu Nyingine

Nimekulia Tanga, ambako baridi ni upepo wa kusi wa mwezi wa Julai na mtu kujitanda khanga ya pili. Sasa naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, na nakimbia mwaka mzima, mara nyingi kuzunguka ziwa Bde Maka Ska, kilomita 5 na ushee kwa mzunguko mmoja. Alfajiri ya Januari hapa, nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Miguu haikunisumbua, wala kifua. Kilichonitesa ni mikono. Asubuhi moja ya msimu wangu wa kwanza nilirudi nyumbani, nikasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nauona kwa macho, vidole haviusikii. Nikaubana katikati ya viganja viwili, ukaanguka kwenye theluji. Nikauokota, ukaanguka tena. Jirani ndiye aliyenifungulia.

Nikanunua glavu nene. Hazikusaidia. Nikanunua nene zaidi, mambo yakawa yale yale. Ilinichukua misimu miwili kuelewa kwamba mikono kuganda mara nyingi ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe uko kwingine: kifuani, kwenye jasho, kwenye upepo, au kwenye kitu kinachobana. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili. Soma ile inayofanana na yako, ila ya kwanza isome hata kama haikuhusu leo.

Vidole vimepauka, ni vigumu, na havisikii kitu

Acha kukimbia. Hii ndiyo dalili isiyosubiri.

Ngozi ya binadamu huanza kuganda joto lake likishuka chini kidogo tu ya sifuri. Kabla ya hapo kidole huchoma na kuuma, kisha maumivu yanakoma. Wengi wetu tukifika hapo tunashusha pumzi, tukidhani mkono umezoea. Haujazoea. Neva zimezimika, na kidole hakina tena njia ya kukuambia kwamba kinaharibika.

Maelezo mengi utakayokutana nayo yanasema ngozi hugeuka nyekundu, halafu nyeupe pe. Hayo yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi tafuta kupauka: ncha ya kidole inakuwa ya kijivu kama iliyopakwa majivu, au inapata unjano wa nta, na ule mng'ao wa kawaida unatoweka. Tazama chini ya kucha, linganisha kidole kwa kidole kwenye mwanga mzuri, na ubonyeze. Kidole kilicho hai kinabonyea na kurudi, kilichoganda ni kigumu kama mshumaa. Nalisisitiza hili kwa sababu tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mikononi na miguuni kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao weupe. Kwa hiyo mkimbiaji mzungu akikuambia kwamba yeye kwa baridi hii anatoka na glavu nyepesi, mshukuru, kisha vaa zako.

Ingia ndani. Vua pete mapema, kabla vidole havijavimba. Tia mikono kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 kwa muda wa nusu saa hivi, ukiyaongeza kadiri yanavyopoa. Maji yapimwe kwa kipimajoto, au mtu mwingine ayajaribu kwa kiwiko, maana kidole kilichokufa ganzi hakitakuonya kwamba unakiunguza. Kwa sababu hiyo hiyo usikae na mikono juu ya jiko au hita. Usisugue, na hasa usisugue kwa theluji, ushauri ambao wazee wa huku bado wanautoa. Na kama uko mbali na bado una kipande cha kutembea kwenye baridi, usiyeyushe vidole njiani. Kidole kilichoyeyuka kisha kikaganda tena huumia zaidi kuliko kilichobaki kimeganda mpaka nyumbani.

Baada ya kuyeyusha, ukiona malengelenge, rangi ya zambarau, au kidole ambacho hisia hairudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiseme tutaona kesho. Kuna dawa za kufungua mishipa ya damu ambazo huweza kuokoa vidole, na mojawapo, iloprost, iliidhinishwa Marekani kwa watu walioganda vibaya kwa baridi mwezi Februari 2024. Dawa hizi zinataka kuwahiwa. Saa zinahesabika.

Ili usifike huko, angalia upepo kabla ya kutoka, usiangalie nyuzi peke yake. Kwa jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani, hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 24 kwa saa ni sawa na kukaa kwenye nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Ukiukabili upepo huo huku unakimbia kilomita 10 kwa saa, mikono yako inapigwa na upepo wa kilomita 34. Hakuna jedwali linalokuhesabia hilo. Lihesabu mwenyewe.

Dakika kumi za kwanza inauma sana, halafu inapona yenyewe

Huu ni mwili kufanya kazi yake. Kiganja kina nyama kidogo. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko kwenye kigasha, kwa hiyo mkono wenyewe hautengenezi joto la maana, unategemea damu iuletee. Ubongo ukihisi baridi huziba mishipa ya vidoleni ili joto libaki kwenye moyo, maini na mapafu. Mikono iko mwisho kabisa wa foleni. Baada ya dakika kadhaa za mbio kiwiliwili kinapata joto la ziada, mishipa inafunguka, na damu inashuka hadi ncha za vidole. Hata mtu aliyetulia, akitumbukiza kidole kwenye maji ya barafu, mishipa hujibana, halafu hufunguka kidogo na kujibana tena kwa zamu. Daktari Mwingereza Thomas Lewis aliieleza tabia hiyo mwaka 1930.

Kazi yako ni kufupisha zile dakika kumi. Mimi hupanda na kushuka ngazi za jengo letu kwa dakika tano, glavu zikiwa tayari mikononi. Nasema tayari mikononi kwa sababu kosa la watu wengi ni kutoka nje wakiwa bado wanafunga kamba za viatu, wanafunga mlango, na wanasubiri saa ishike setilaiti, vyote kwa mikono mitupu. Unaanza mbio ukiwa umeshapoteza joto ambalo kulirudisha kutakugharimu kilomita mbili. Glavu zenyewe zisitoke kwenye begi lililolala kwenye gari. Zilaze juu ya hita usiku, uzivae zikiwa na joto.

Kule Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, utawaona wanariadha wakubwa alfajiri wamevaa jaketi na glavu, nao wanaanza polepole mno, karibu kutembea. Hawana haraka ya kuvua. Wanaacha mwili upate moto kwanza, kisha glavu zinaingia mfukoni.

Nusu saa imepita na mikono bado haijapata joto

Hapa pana sababu nne, na mara nyingi zinakuja mbili kwa pamoja. Zichunguze kwa mpangilio huu, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayosahaulika.

Anza na kifua. Gusa tumbo lako na mgongo wa chini chini ya nguo. Kama ngozi ni ya baridi, tatizo haliko mikononi: mwili hauna joto la kugawa. Watafiti nchini Canada waliwahi kuwavalisha watu fulana zinazopasha kiwiliwili moto, wakawaketisha kwenye baridi kali mikono mitupu, na vidole vyao vikabaki na joto la kuridhisha. Nilipoelewa hilo nilirudi kwenye kabati, nikaacha kuhangaika na glavu, nikaongeza kizibao chembamba cha kuzuia upepo juu ya fulana ya sufu na skafu ya mrija shingoni. Mabadiliko niliyaona siku hiyo hiyo. Ukikimbia taratibu ndiyo inakuhusu zaidi, kwa kuwa mwenda polepole anatengeneza joto kidogo na anakaa nje muda mrefu. Na usitoke na njaa. Wengi wetu tunatoka alfajiri na tumbo tupu, na kuni zikipungua moto nao unapungua.

Kama kifua kina joto, angalia kinachobana. Glavu inayokaa kama ngozi ya pili inapendeza dukani, lakini inasukuma damu nje ya vidole na kufukuza ile hewa iliyotulia ambayo ndiyo inayokutunzia joto. Ndivyo nilivyoharibu mambo kwa kuvaa glavu nyembamba ndani ya glavu nene ya saizi yangu: nguo ziliongezeka, joto likapungua. Glavu ya juu iwe kubwa kwa saizi moja, ukunje ngumi ndani yake bila kizuizi. Angalia pia mkono wa fulana wenye lastiki kali, na mkanda wa saa uliokazwa.

Tatu, upepo. Puliza pumzi kwa nguvu kupitia glavu yako kutokea ndani. Ukiisikia upande wa pili, upepo nao unapita. Glavu ya sufu peke yake ni nzuri siku tulivu, siku ya upepo ni kama neti. Ivalie kifuniko chepesi cha kitambaa kisichopitisha upepo. Na kile kipande cha ngozi kati ya glavu na mkono wa jaketi kifunike, kwa sababu mishipa inayopeleka damu kiganjani inapita pale karibu sana na ngozi. Kuna jioni nilikata vidole vya soksi kuukuu nikavaa shingo yake kwenye kifundo cha mkono, na ikafanya kazi kama kitu cha kununua.

Mwisho, umbo la glavu. Baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri mimi sivai tena glavu zenye vidole. Navaa zile za mfuko, ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba peke yake. Vidole vinavyogusana vinapashana moto, na eneo linalopoteza joto linapungua. Ndani ya mfuko huo unaweza kulichomoa gumba kwenye chumba chake na kulikumbatia kwa vidole vingine dakika mbili tatu.

Ukiwa njiani tayari na huna cha kuongeza, zungusha mikono mizima kwa kasi kutoka begani, duara kubwa, mara thelathini hivi. Damu inarushwa hadi ncha za vidole. Watu watakutazama. Zungusha tu.

Ilikuwa moto kabisa, ikaganda kuanzia katikati ya safari

Hilo ni jasho, na ndilo tatizo la wanaopenda glavu nene. Mkono uliopashwa kupita kiasi unatoa maji, kitambaa kinalowa, kisha unapunguza mwendo au unageuka kuelekea upepo. Maji hubeba joto kulitoa mwilini mara ishirini na zaidi kuliko hewa tulivu. Ndani ya dakika chache glavu iliyokupa raha inageuka kitambaa cha maji ya barafu.

Dawa yake ni kukaa ukiwa na ubaridi kidogo. Mikono ikianza kuwa ya uvuguvugu wa raha, fungua glavu kifundoni au vua ile ya juu uishike. Usingoje mpaka ilowe. Kitambaa cha ndani kiwe sufu au nailoni nyembamba. Pamba iache nyumbani, inakunywa maji na haiyaachii. Panga na njia yako: toka ukiukabili upepo ukiwa bado mkavu, rudi ukikusukuma mgongoni. Ukifanya kinyume utakutana na upepo wa uso wakati umelowa. Halafu kuna jambo dogo la kamasi. Kwenye baridi pua hutiririka, nasi tunafutia kwenye gumba la glavu. Baada ya saa moja gumba hilo limeganda gamba. Beba kitambaa, au futia gumba la mkono mmoja tu.

Mvua ya baridi iogope kuliko theluji kavu. Boston Marathon ya mwaka 2018 ilikimbiwa kwenye mvua na upepo wa uso, joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Wanariadha wengi wa daraja la juu walijiondoa njiani. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa akiongoza lakini akaishiwa nguvu, Yuki Kawauchi wa Japani akampita na kushinda kwa saa 2:15:58, Kirui akamaliza wa pili. Hiyo ni hewa ambayo sisi wa Minnesota tungeiita ya joto. Siku ya namna hiyo valia glavu za mpira za jikoni au za hospitali juu ya glavu nyembamba ya sufu, na ubebe jozi kavu ndani ya mfuko wa plastiki kifuani.

Vidole viwili vitatu vinageuka rangi, vingine viko sawa

Kama kidole kinapauka kikiwa na mpaka unaoonekana wazi, kama kilichochovywa kwenye chokaa mpaka kwenye kiungo, kisha kinakuwa cha bluu na baadaye kinarudi kwa moto na mchomo, huenda una hali iliyoelezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862. Mishipa midogo inajibana kupita kiasi kwa baridi isiyo kali, wakati mwingine hata kwa kushika chupa ya maji kutoka kwenye friji, au kwa hofu na wasiwasi tu. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo tatu hazionekani vizuri, kwa hiyo zingatia ganzi inayokuja ghafla na kwa mpaka. Piga picha wakati inatokea umwonyeshe daktari.

Nenda kweli kwa daktari, dada yangu na kaka yangu, hasa ikiwa imeanza ukubwani, ikiwa ni kwenye mkono mmoja zaidi ya mwingine, ikiwa una vidonda kwenye ncha za vidole, au viungo vinavyouma. Mara nyingine inatangulia magonjwa kama lupasi, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ambayo huwapata wanawake weusi zaidi. Orodhesha na dawa unazotumia, kwani baadhi ya dawa za presha na za kipandauso hubana mishipa. Sigara nayo inabana. Mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimeshapungua hisia asitegemee maumivu yamwonye. Avue glavu na kutazama vidole kila baada ya muda, au siku ya baridi kali akimbilie ndani kwenye mashine.

Mkono mmoja tu

Angalia unachobeba. Chupa ya maji, simu, kamba ya mbwa: mkono unaokunja kitu cha baridi bila kupumzika lazima ugande mapema. Badilisha mkono, au kiweke kiunoni. Kama hubebi kitu na mkanda wa saa haubani, na ni mkono ule ule kila siku, mwonyeshe daktari.

Vipakiti vya kupasha mikono havitoi moto

Ndani ya kile kipakiti kuna unga wa chuma, chumvi, makaa na unyevu kidogo. Chuma kinaposhika kutu kinatoa joto, na kutu inahitaji hewa. Ukikirarua mlangoni na kukitia moja kwa moja ndani ya glavu iliyofungwa, unakinyima pumzi. Kifungue robo saa kabla, kitikise, kiache juu ya meza kipate moto, kisha kiweke nyuma ya kiganja juu ya glavu nyembamba, kamwe si kwenye ngozi tupu. Kikipoa njiani kitoe nje, kitikise hewani dakika moja, kirudishe. Ambacho hakijaisha kifungie ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa hewa, kitalala mpaka kesho.

Na mafuta ya mgando? Nimeulizwa mara nyingi, maana kwetu mafuta ndiyo jibu la baridi. Yapake kwa ajili ya ngozi isipasuke, baada ya kukimbia. Usiyategemee kama kinga. Uchunguzi uliofanywa kwa askari wa Finland ulikuta kwamba waliopaka mafuta usoni kujikinga na baridi waliganda zaidi kuliko wasiopaka, labda kwa sababu mafuta yanakupa hisia ya usalama usiokuwepo.

Nimeingia ndani, sasa ndiyo inauma kuliko nje

Damu inarudi kwenye mishipa iliyokuwa imefungwa, na neva zinaamka zote kwa pamoja. Ni maumivu ya kutoa machozi, huchukua dakika tano hadi kumi, yanaisha bila kuacha dhara. Usikimbilie bomba la maji ya moto. Weka viganja kwapani, tembea chumbani, ngoja. Yakikutokea kila wiki, rudi juu kwenye kifua na upepo, kuna kitu hukukirekebisha.

Halafu, kabla hujaoga, geuza glavu ndani nje na uzitundike. Glavu iliyotupwa pembeni ya mlango ikiwa na jasho la leo inakauka nje tu, ndani inabaki na unyevu, na kesho saa kumi na moja alfajiri utaivaa ukiishangaa inavyokuangusha.